Maji ya Betri ya Maniben

Muhidin Feruzi alikuwa mtu wa maringo, na afadhali tuliseme hilo mapema ili lisije kumshtua mtu huko mbele. Hakuringa kwa nguo, maana kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa moja tu na kofia yake ilikwisha kufifia. Hakuringa kwa ukoo pia. Baba yake aliingia Mwanza na msafara enzi za Wajerumani, akaoa Msukuma wa Mkolani, na habari za ukoo zikaishia hapo. Muhidin aliringia betri. Mwaka huo wa 1943, vita vikiwa vimepamba moto katika nchi za mbali, hakukuwa na mtu mwingine mjini aliyeweza kuchukua betri iliyokufa akairudisha ikiwa hai, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuangalia injini ya kinu cha pamba kule Igogo. Pamba ilipoanza kuingia kwa magunia kutoka vijijini, injini iliwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na kwenye gurudumu lake Muhidin alifunga mkanda wa dainamo aliyoing'oa kwenye lori bovu. Mwenye kinu alimwachia, mradi pamba isichelewe. Basi kando ya injini palikuwa na ubao mrefu, na juu ya ubao betri za redio za mji zilikaa foleni zikijazwa umeme: ya karani wa posta, ya mwalimu wa misheni, za wenye maduka. Msimu ukiisha, injini ilinyamaza, na redio nyingi nazo zikanyamaza. Nyaya za umeme zilikuwako mjini, lakini ziliishia kwenye nyumba za wakubwa na mtaa mmoja wa maduka. Wengine wote starehe yao ilifuata pamba.

Betri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Maniben. Huyu alikuwa mjane wa Kihindu anayekaribia miaka sitini, mama wa Ishwarlal mwenye duka la vitambaa. Aliletwa Mwanza akiwa bibi harusi wa miaka kumi na mitano, kwa meli kutoka Kisumu, na tangu siku hiyo hakurudi kwao. Sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Hakuweza kusoma barua wala kutia uzi kwenye sindano. Kilichobaki ni redio, kisanduku chenye mkono wa ngozi ambacho Ishwarlal alikinunua kabla ya vita. Nyuma yake kilikuwa na nyaya mbili, mmoja wa kuchomeka ukutani kwa wenye umeme, mwingine wenye vibanio viwili vya kubana betri ya gari. Ule wa ukutani haukuwahi kutumika hata siku moja. Kila jioni Maniben alikaa kwenye mkeka, redio kifuani, akasikiliza Kigujarati kutoka Delhi kwa muda usiotosha hata kupika wali. Halafu Pramila, mke wa Ishwarlal, aliizima ili betri isichoke.

Muhidin aliipeleka na kuirudisha betri hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alipoifunga mahali pake alifungua vizibo vitatu vya juu, akachungulia, akatoa chupa mfukoni na kumimina maji kidogo kidogo. Hapo ndipo maringo yake yalipopanda.

"Betri hii ilikuwa na kiu, mama," alimwambia Maniben. "Ndiyo maana sauti ilififia."

"Maji gani hiyo, fundi?"

"Ah, maji haya ni ya aina yake. Ni safi kuliko maji yote. Yakiingia mengine, betri inakufa."

Maniben alicheka na kutikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakikuhangaika na ngeli, lakini alichotaka kusema kilifika. Alipapasa vile vizibo kwa vidole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemkagua mtoto wa mwenzake kama ameshiba.

Watu wengi walimwuliza Muhidin anayapata wapi maji yale, naye alijifanya hamnazo. Wengine walisema yanatoka Nairobi kwa ndege. Wengine walisema yamesomewa. Ukweli ni kwamba yalikuwa maji ya mvua. Wakati wa masika Muhidin alitandika mabeseni ya enameli katikati ya uwanja, mbali na paa, akaiacha mvua ioshe hewa kwanza, kisha akakinga iliyofuata na kuihifadhi kwenye chupa kubwa za kioo chini ya kitanda. Basi. Lakini angesema hivyo, kila mwenye beseni angekuwa fundi. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza kwake kukamwongezea heshima, na heshima ikampendeza.

Mwezi wa saba homa ilimwangusha. Alilala siku tisa, akitetemeka chini ya mablanketi mawili, na mkewe Mwanvua akimpa kwinini na uji wa ulezi. Siku ya nne Pramila alifika mlangoni. Redio ya mama mkwe wake ilikuwa imeanza kunong'ona, na yeye alitaka kujua la kufanya.

"Mgonjwa hajitambui," Mwanvua alimwambia. "Iacheni tu mpaka apone. Na tafadhali, msiimwagie maji ovyo. Yeye mwenyewe husema maji yake ni yale safi kuliko yote, mengine yanaiua."

Pramila alirudi nyumbani akayasema hayo hayo, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu. Hakufikiri zaidi. Wala Mwanvua hakufikiri zaidi. Maniben ndiye aliyefikiri.

Muhidin alipoweza kusimama, miguu ingali mizito, alikwenda kuichukua betri. Alipofungua vizibo pale kinuni alikunja uso. Vyumba vyote vitatu vilikuwa vimejaa pomoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa betri iliyokaa siku kumi. Akajiambia labda alizidisha mwenyewe siku ile homa ilipokuwa inamnyemelea. Akaitia kwenye ubao mchana kutwa. Asubuhi ya pili ilikuwa imelala. Akaitia tena, ikalala tena, na siku ya tatu makarani wa kinu walianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Karani mmoja, Mhoja, akamwuliza kama homa imepanda mpaka kwenye betri.

Maneno hayo yalimchoma. Hapo akaamua kufanya kile ambacho mafundi hukifanya mwisho, wakishindwa na mengine yote. Aliipindua betri, akaimwaga tindikali yote kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba ya injini, akaitupia majivu ili isiunguze majani, akaisuuza betri kwa maji yake mara tatu. Kisha akajaza tindikali aliyokuwa ameitunza kutoka betri ya lori. Kesho yake iliwaka vizuri. Muhidin aliibeba begani kupita katikati ya mji, tena kwa njia ndefu, ili wenye macho waone.

Redio ilipotoa sauti, Maniben alifunika uso kwa upande wa sari yake nyeupe. Muhidin alidhani ni furaha, akapokea chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi, akainywa kwa raha zake. Alipotoka, Pramila alimfuata mpaka kwenye ngazi za nyuma. Mkononi alikuwa na kichungu cha shaba, kidogo cha kuenea kiganjani, shingo yake imezibwa kwa lehemu ya zamani na ubavuni kina tundu la msumari.

"Fundi," alisema Pramila, "yale maji yaliyokuwa ndani ya betri, unayo?"

"Maji gani?"

Pramila alimweleza. Kichungu kile mama mzazi wa Maniben alikileta kimejaa maji ya Ganga, mto mtakatifu wa kwao, alikokwenda kuhiji kwa miguu nusu ya safari. Akamkabidhi bintiye siku ya kuondoka kwao. Kwa Wahindu, mtu akiwa anakata roho hutiwa mdomoni matone ya maji hayo pamoja na jani la mrihani wao mtakatifu, ndipo aende kwa amani. Maniben alikitunza miaka arobaini na mmoja kwenye rafu ya ibada, hakukifungua hata mumewe alipofariki, kwa kuwa mume alifia safarini. Jumatatu moja, Muhidin akiwa bado kitandani na Pramila amekwenda sokoni, Maniben alichukua msumari na mchi wa kutwangia, akakitoboa. Vizibo alivijua kwa vidole.

"Alisema umesema betri inataka maji safi kuliko yote," Pramila alisema. "Katika nyumba yetu hakuna maji safi kuliko hayo. Alidhani matone machache yatatosha, lakini mikono ilitetemeka, na haoni. Yote yakaingia. Sasa anasema si kitu, redio inaimba. Lakini usiku nasikia analia. Meli hazipiti kwa sababu ya vita, na kifua chake kinambana tangu mwaka jana. Kama yamebaki hata kijiko kimoja, fundi, yatie humu."

Muhidin alipokea kichungu. Angeweza kusema pale pale kwamba ameyamwaga. "Nitaangalia," alisema, akaenda zake, na mara hiyo alipita njia ya mkato.

Nyumbani hakula. Aliona haya, na haya ile haikuwa ya kumwaga, maana fundi yeyote angemwaga. Ilikuwa ya kile kinywa chake. Angesema tangu mwanzo kwamba ni mvua tu, mama wa watu angengoja mvua. Kwa ajili ya kuonekana mganga wa betri, alikuwa amemfanya bibi kizee ainyweshe betri maji ya kifo chake mwenyewe. Alimweleza Mwanvua yote, mpaka hilo la chai aliyoinywa kwa raha.

Mwanvua alikuwa mwanamke mwenye moyo mwema na akili ya haraka. "Baba Moza, mbona dawa unayo?" alisema. "Maji yako yako chini ya kitanda, ni safi, hayana rangi wala harufu. Jaza. Lehemu unayo, tundu liko kama kichwa cha msumari. Mpelekee, umwambie umeyakamua kwenye betri kwa ufundi wako. Nani atajua? Yeye atatulia. Kuna dhambi gani kumtuliza mgonjwa?"

Kusema kweli, shauri lile lilimpa Muhidin ahueni, na sehemu moja ya moyo wake ikapenda hata lile neno la ufundi. Akajaza kichungu maji ya mvua. Akapasha chuma, akaziba tundu, akalisugua kwa mchanga mpaka mahali pale pasijulikane kwa kidole. Ilikuwa kazi nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi asubuhi alikwenda. Maniben alikuwa uani, amekaa karibu na debe la mrihani, akichambua dengu kwa kupapasa. Pramila alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Homa iko kwisha?"

"Imekwisha, mama." Akamwekea kichungu mikononi.

Maniben alikitambua kabla hajakifumbata. Alikileta sikioni, akakitikisa, akasikia maji yakicheza ndani. Akakigusisha kwenye paji la uso, kisha kwenye jicho moja, kisha jingine. Akapapasa pale palipokuwa na tundu, asilipate. Muhidin alisimama akiangalia dengu.

"Maji ya mama yangu iko hapa ndani?" aliuliza.

Neno moja tu lilitakiwa. Muhidin alikuwa nalo tangu nyumbani. Alikuwa ameujua uongo wa kunyamaza kwa miaka mingi na haukumsumbua, lakini huu ulitaka auseme kwa mdomo, kwa mtu asiyeweza kumtazama usoni.

"Hapana, mama," alisema. "Yale niliyamwaga. Betri ilikataa kushika umeme, sikujua sababu, nikamwaga kila kitu. Haya yaliyomo nimetia mimi. Ni mvua."

Jikoni sufuria ilitua chini. Maniben alikiteremsha kichungu mapajani.

"Na yale ninayotia kwenye betri siku zote," Muhidin aliendelea, maana alikwisha anza na hakuona sababu ya kubakiza, "nayo ni mvua. Nakinga kwa beseni uwanjani. Hayatoki Nairobi. Nilikuficha wewe na mji mzima ili nionekane bingwa. Ningekwambia, usingekitoboa hiki. Kosa si lako, mama. Ni langu."

"Mvua," alisema Maniben.

"Mvua."

"Ya juu? Ya bure?"

"Ya bure."

Alichotarajia Muhidin ni laana, au machozi, au Ishwarlal aitwe dukani. Badala yake mabega ya mama yule yalianza kutikisika, na ikamchukua muda kujua kwamba anacheka. Alicheka kwa sauti ndogo, mpaka akashika kifua. Kisha kicheko kikamwisha, akawa mtu mzima tena, mwenye huzuni yake.

"Wewe mwaga wapi?"

"Kinuni, mama. Nyuma ya injini kuna mtaro."

"Mtaro nakwenda wapi?"

"Unashuka mpaka ziwani."

"Wewe naona? Maji nafika ziwani?"

Muhidin alifikiri, kwa sababu siku hiyo alikusudia kusema yaliyo kweli tu. Aliukumbuka mtaro, maji yaliyochafuka kwa majivu yakiteremka kati ya mawe, yakipotea kwenye matete. "Niliona, mama. Yalifika. Niliyasindikiza na ndoo mbili za maji ili yasituame."

Maniben aligeuza uso upande wa ziwa, ingawa kati yake na ziwa palikuwa na ukuta, mtaa, na ghala la ngozi. Kisha akamwita Pramila kwa Kigujarati, na Pramila akatoka na viatu vya mama mkwe wake.

Walikwenda watatu, polepole, Maniben amemshika mkwewe mkono, Muhidin mbele na kichungu. Ni kama robo saa mpaka Igogo kwa mwendo wa mtu mwenye afya. Wao walichukua saa nzima. Pale mtaro unapoingia ziwani, Maniben aliinama, akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo.

"Mama yangu nasema," aliwaambia, "Ganga tone moja ikiingia maji, maji yote Ganga. Kisima, mto, yote. Yeye nasema hivyo, mimi mtoto, mimi nasikia." Akausogeza mkono ndani ya maji. "Hii kubwa sana."

Pramila aligeuka pembeni akajifuta macho. Muhidin aliulizwa kama anaweza kukifungua kichungu na kukiziba tena. Akasema anaweza. Alikitoboa pale pale kwa bisibisi, akaimwaga mvua yake majanini, akaingia ziwani mpaka magotini na suruali yake, akateka mahali maji yalipokuwa maangavu. Jioni alikilehemu upya, safari hii bila kusugua kwa mchanga, na alama ikabaki.

Tangu wiki hiyo Muhidin alimwambia kila aliyemwuliza kwamba maji ya betri ni mvua iliyokingwa kwa enameli mbali na bati. Masika iliyofuata viwanja vya mjini vilijaa mabeseni, na kazi yake ya maji ikapungua nusu. Aliwaka kidogo, hatumsingizii utakatifu. Lakini ubao wa kinu haukukosa betri, kwa kuwa mvua haichaji, na dainamo ilikuwa moja.

Vita vilikwisha. Mwaka wa 1946 meli zilianza tena kutoka Bombay, na Ishwarlal, ambaye kwa miaka mitatu hakuweza kulivumilia jambo lile la maji ya mtaroni, aliagiza vichungu viwili vya Ganga yenyewe. Vilifika kwa reli vimefungwa kwa kitambaa chekundu na mhuri, akaviweka kwenye rafu ya ibada, kimoja kulia kimoja kushoto, kile cha zamani kikasogezwa nyuma.

Mwezi wa tisa mwaka huo huo kifua cha Maniben kilimzidi. Asubuhi moja ndugu walikusanyika, kuhani wa hekalu lao akaja, na Muhidin aliyekuwa ameleta betri akaambiwa asiondoke, akasimama mlangoni ameishika. Ishwarlal alivunja mhuri wa kichungu kimoja kipya, akachovya jani la mrihani, akapiga magoti karibu na mama yake. Akamwambia kwa Kigujarati kisha, kwa sababu ya heshima kwa waliokuwapo, kwa Kiswahili, kwamba haya ni maji ya Ganga, yametoka mtoni penyewe mwaka huu.

Maniben alifumba mdomo.

Ishwarlal alingoja, akajaribu tena. Mama yake aligeuza kichwa polepole. Mkono wake ulipanda, ukapapasa hewa upande wa rafu, na Pramila akaelewa kabla ya wengine. Alikitoa kile cha nyuma, chenye alama mbili za lehemu. Maniben alizipapasa zote mbili kwa kidole gumba.

"Ya hapa," alisema. "Mimi nakaa hapa."

Kilihitaji kufunguliwa. Muhidin aliweka betri chini, akavua viatu, akaingia.